Ufa Chini ya Mpini

Fundi funguo wa mtaa ule aliitwa Kitasa, na jina hilo alikuwa amelipata kwa haki. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda cha mabati ambacho mtu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, akichonga funguo, akifungulia milango waliojifungia nje, akibembeleza makufuli yaliyogoma. Mkono wake ulikuwa mtulivu na jicho lake limezoea kona ndogondogo. Watu walisema Kitasa akikuchongea ufunguo, mlango wenyewe hautajua kama umebadilishiwa. Sifa hizo alizipenda. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alizipenda kupita kiasi.

Alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake kwa miaka kumi na mmoja, mpishi mkuu wa jiko la hospitali. Mama yao alipofariki, Kitasa akiwa na miaka saba, huyo dada ndiye aliyeacha shule akaingia jikoni kumenya viazi ili mdogo wake asome. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo hata siku moja. Kwa hiyo Jumapili ile Kitasa alipomkuta ameloweka mkono kwenye beseni la maji ya moto, anajikanda vidole kimoja kimoja, moyo ulimuuma.

"Visu vya siku hizi," Dada alisema, "mpini kama kijiti cha kuchokolea meno. Nikimaliza gunia la kabichi vidole havinyooki. Na hayo makali sasa! Afadhali ningekatia kijiko."

"Nitakutengenezea kimoja," Kitasa akasema.

"Wewe? Umetengeneza kisu lini?"

"Dada, mtu anachonga meno ya ufunguo, atashindwa na kisu?"

Dada akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. "Haya, tutaona."

Kitasa aliianza kazi ile kwa moyo mweupe, hilo lazima lisemwe. Aliazima kisu cha zamani cha Dada akakaa nacho siku nzima, akitazama mahali kidole gumba kilipoula mpini na mahali ambapo kiganja hakikugusa kabisa. Akachora kwenye kadibodi, akakata, akashika, akatupa. Akachora tena. Mkewe alilalamika kwamba maboksi yote ya viatu nyumbani yameota ncha. Umbo la sita ndilo lililomridhisha: bapa pana upande wa nyuma ili vidole visigonge ubao wakati wa kukatakata, ncha isiyo kali sana kwa sababu mpishi wa kabichi hahitaji kudunga mtu, na mpini mnene katikati, mwembamba mbele, uujaze mkono badala ya kuning'inia ndani yake. Akachonga mfano wa mbao, akampelekea Dada aukamate macho yakiwa yamefumbwa. Dada akasema, "Hapa punguza kidogo." Akapunguza.

Chuma alikuwa nacho. Chini ya meza ya kibandani kulikuwa na tupa kubwa iliyokwisha meno, na Kitasa alijua kwamba tupa ni chuma kigumu kwa sababu ndiyo hiyo iliyomlisha miaka yote. Ila kuulainisha ugumu huo, kuukata, kisha kuurudisha kwa moto, hakukujua. Akaenda kwa mhunzi.

Mhunzi wa mtaa wa pili alikuwa mdogo kwa Kitasa kwa miaka kumi, mtu wa mageti na majembe, na mdomo wake ulikuwa kama tanuri lake, haupoi. Aliipasha tupa moto hadi ikaiva, akaifukia kwenye majivu hadi asubuhi ya pili. Ikatoka laini. Kitasa akaikata kwa msumeno wa chuma, akaifunga kwenye jiliwa, lile bano la mezani, na kuikwangua kwa tupa nyingine siku tisa mfululizo, baada ya wateja kuisha. Alipoirudisha kwa mhunzi ilikuwa tayari kisu kwa kuitazama, na ilikuwa imenyooka kama mstari wa daftari.

Mhunzi akaigeuzageuza. "Kaka, nitasema nini? Mimi nina miaka mingapi hapa na sijanyoosha kitu hivi. Lakini hapa shingoni." Akaweka ukucha mahali ambapo bapa linakutana na ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini. "Umekata kona kali kama ya ufunguo. Chuma hakipendi kona. Izungushe. Na siku ya kukitia ugumu, ukishakipasha moto kichovye kwenye mafuta ya vuguvugu, usithubutu maji. Mimi majembe nayachovya kwenye maji kwa kuwa chuma chake ni mnyonge. Hii tupa ina hasira."

"Nimekusikia," alisema Kitasa.

Alikuwa amemsikia kweli. Kona hakuizungusha. Ilikuwa imekaa sawasawa mno, mpini ungekaa pale bila hata mwanya wa karatasi, na yeye alikuwa Kitasa.

Wakati huo habari za kisu zilikuwa zimezagaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyezisambaza. Kila aliyekuja kuchonga ufunguo alioneshwa ule mfano wa mbao. Wenzake Dada jikoni walikuwa wanamwandalia chai ya kutimiza miaka ishirini na mitano kazini, Ijumaa, saa nne asubuhi, na Kitasa alikuwa amemtumia salamu msimamizi wa jiko kwamba zawadi ya nduguye itakuwepo, na itakuwa kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Alhamisi mchana ndipo alipokwenda kukitia kisu ugumu. Mhunzi alikuwa ametoka kufunga geti la mtu, akamwachia tanuri likiwaka. Kitasa akavuta mvukuto, kisu kikaiva rangi ya pilipili, akakichovya kwenye kopo la mafuta. Moshi ukapanda. Alipokijaribu kwa tupa, tupa ikang'ata. Hakikuwa kimekomaa. Moto haukutosha, ndilo lililokuwa kosa pekee; angekirudisha makaani na kungoja zaidi, basi. Lakini jua lilikuwa limekwenda, mpini ulikuwa haujachongwa, kesho saa nne ilikuwa kesho saa nne. Akakipasha tena haraka haraka. Pembeni ilikuwepo ndoo ya maji ya majembe, na maji hukomaza upesi kuliko mafuta. Akatazama mafuta, akatazama ndoo, akachovya kwenye ndoo.

Ikasikika sauti ndogo, kama ukucha ukigonga glasi.

Alikipangusa kisu kwa kitambaa akakipeleka penye mwanga. Bapa lilikuwa zima. Makali yalikuwa mazima. Pale shingoni, kwenye ile kona yake nzuri, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, ulioanza konani na kuingia ndani hadi karibu nusu ya upana.

Kitasa hakuwa mjinga. Funguo ngapi aliwahi kuzitupa kwenye ndoo ya taka kwa ufa mdogo kuliko ule? Aliwahi kumwambia mteja mmoja, mbele ya watu, kwamba fundi anayetoa kazi yenye ufa ni mwizi aliyevaa aproni. Sasa alisimama mbele ya tanuri la mtu akijieleza mwenyewe kwa mwenyewe: chuma ni kinene, ufa ni mdogo, kabichi si jiwe, kwani Dada anakwenda kupasulia kuni? Akapitisha msasa. Mstari ukafifia, haukutoka. Basi akafanya jambo ambalo baadaye lilimsumbua kuliko mengine yote, kwa kuwa hilo halikuwa la haraka wala la bahati mbaya. Vile vibao viwili vya mpini, ambavyo kwenye mchoro viliishia kabla ya shingo, alivisogeza mbele kwa upana wa kidole ili vipafunike pale. Akakipika kisu kwenye oveni ya mkewe hadi kikapata rangi ya nyasi kavu, kama mhunzi alivyomfundisha ili ugumu upungue kidogo, akavibana vibao kwa gundi na misumari mitatu ya shaba, akapiga msasa, akapaka mafuta. Kikapendeza. Mkewe alisema hajawahi kuona kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye mikono aliyoizoea.

Ijumaa ile jiko la hospitali lilijaa. Dada alikishika kisu, akakipima uzito, akavuta kabichi moja, akaikata chapchap hadi ikawa nyuzi, kisha akainua mkono juu kama mtu aliyeshinda shindano. "Kimekaa mkononi kama nimezaliwa nacho!" Vigelegele vikapigwa. Wa kwanza kuvipiga alikuwa Mama Pacha, mpishi msaidizi, shoga yake Dada wa miaka kumi na minne, mwanamke mnene mchangamfu aliyezoea kuongea huku akikoroga. Dada akamkumbatia mdogo wake mbele ya wote. "Mama angekuona leo," alimwambia sikioni.

Kitasa alitabasamu. Makofi yale yalimwingia mwilini kama mchanga wa moto.

Wiki tano zikapita, kisu kikakata kila kilichowekwa mbele yake. Kitasa akaanza kulala usingizi. Watu walikuja kibandani kuagiza vya kwao, naye akaandika majina yao. Karibu aamini kwamba ufa ule aliuota.

Jumanne ya wiki ya sita simu ililia. Mama Pacha alikuwa analia na kuongea kwa pamoja. Dada alikuwa anapasua boga. Kisu kilikatika shingoni, bapa likageuka, likampitia kiganjani chini ya kidole cha shahada na cha kati. Ilikuwa bahati kwamba kutoka jikoni hadi chumba cha kushona vidonda ni hatua hamsini, wauguzi wote wanamjua kwa sababu wanakula chakula chake.

Kitasa alimkuta amelala, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Daktari alikuwa ameunganisha kano. Cha kati kingepona, kile cha shahada hakukiahidi.

"Mdogo wangu," Dada akasema kabla hajaulizwa, "usijilaumu. Najua ulivyo, utaenda kujitafuna. Kisu chako hakikuwa na kosa. Ni Mama Pacha. Jana kopo la nyanya lilimshinda, akachukua kisu changu akalibanjulia mfuniko. Nilimwona kwa macho yangu. Nilimwambia, wewe, utakiua hicho kisu. Hakusikia."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mtu wa funguo hakuwa na cha kufungua ila mdomo wake. Kitasa aliufungua, akasema, "Pole, Dada," akaufunga.

Aliondoka akiwa na vipande viwili vya kisu ndani ya gazeti, kwa maelezo kwamba atavitazama.

Mambo yakaenda kwa kasi. Msimamizi wa jiko, mama wa miwani asiyependa maneno mengi, aliandika kwamba chombo kimetumiwa vibaya, na Mama Pacha akahamishiwa chumba cha kufulia mashuka mpaka itakapoamuliwa vingine. Dada hakumtetea. Mama Pacha alipokwenda kumtazama nyumbani, Dada aligeukia ukutani. Miaka kumi na minne ya kugawana kikombe ikaishia kwenye kopo la nyanya.

Siku ya nne yake Mama Pacha alikuja kibandani. Mikono ilikuwa imemvimba kwa sabuni. Kitasa akampa stuli.

"Nimekuja kukuomba radhi wewe pia," alisema. "Umeihangaikia kazi ile miezi miwili. Dada yako alikuwa akituonesha vile vikadibodi vyako, tunacheka. Mimi nikaja kukiharibu kwa uvivu wa kutafuta kifungulio. Nisamehe, kaka. Sijui nitamwambia nini Mungu."

Kitasa alikuwa ameshika ufunguo ambao haujamalizika. Aliutazama. Alijisikia uso unamwaka kuanzia shingoni, na alijua kwamba akiinua macho yatasema yenyewe.

"Yamepita," akasema.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

Mama Pacha akamshukuru. Alimshukuru mara mbili, akajifuta kwa upindo wa kitenge, akaenda zake. Kitasa aliufunga ufunguo ule kwenye jiliwa akauchonga, ukaharibika. Akachukua mwingine, ukaharibika pia. Akafunga kibanda saa saba mchana, jambo ambalo jirani yake muuza vocha hakuwahi kuliona, akachukua lile gazeti, akaenda kwa mhunzi.

Alijidanganya njia nzima kwamba anakwenda kuuliza swali la ufundi: je, kubanjua kopo kunaweza kuvunja kisu cha tupa? Mhunzi akitoa jibu la ndiyo, basi lawama itakuwa na miguu miwili, nusu ya Mama Pacha, nusu yake.

Mhunzi alifungua gazeti huku akisimulia habari za geti fulani lililofungwa kinyumenyume. Akachukua kile kipande chenye mpini, akakigeuza kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane Kitasa alimwona amenyamaza.

Kwenye mvunjiko wenyewe, nusu ya chuma iling'aa kijivu kama sukari. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi.

"Hii ing'aayo imevunjika juzi," mhunzi alisema taratibu. "Hii nyeusi imeingia maji na moshi wa oveni. Hii ilipasuka kabla mpini haujafungwa." Akapima kwa kidole jinsi vibao vilivyosogezwa mbele. Alikifunga kipande kwenye gazeti, akamrudishia. Kisha akaenda kuvuta mvukuto wake na kumpa mgongo.

"Nilichovya kwenye maji," Kitasa akasema.

"Naona."

"Nikakiona kile kiufa."

"Naona, kaka." Mhunzi hakugeuka. "Yule mama ndugu yako mkono unaendeleaje?"

Kitasa alitamani mtu yule amtukane. Mtu mdogo kwake, mtu wa mageti ya kupindapinda, ambaye yeye alikuwa akimcheka chinichini kwa kona zake zisizonyooka, alikuwa anamwonea haya.

Jumamosi mchana alimwomba Mama Pacha aje naye kwa Dada. Mama Pacha alidhani ni usuluhishi, akavaa vizuri, akabeba maembe. Dada alipowaona wote wawili mlangoni uso ulimkunjika, lakini kwa kuwa ni mdogo wake, akawaacha waingie. Wakakaa. Kitasa hakukaa. Alikifungua kisu mezani, akaonesha ile nusu nyeusi, akasema yote: kona, ndoo ya maji, ile sauti, msasa, vibao alivyosogeza. Alisema bila kupumzika kwa kuogopa kwamba akipumzika atalegeza neno. Alipofika kwenye kopo la nyanya alisema, "Kopo halikufanya kitu. Kisu kilikuwa kimekufa tangu Alhamisi ile."

Nje mtu alikuwa anasugua ndoo.

"Ulijua siku ya chai?" Dada akauliza.

"Nilijua."

"Nilipokukumbatia?"

"Nilijua, Dada."

"Na hospitali, niliposema ni huyu?"

Kitasa akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mama Pacha alikuwa bado ameyapakata maembe yake. "Mimi nilikuja kwako," alisema, kama anayejaribu kukumbuka vizuri. "Nikakuomba radhi. Ukanipa stuli. Ukaniambia umenisamehe."

Kwa neno hilo Kitasa aliinamisha kichwa, na kama sakafu ingekuwa na tundu la ufunguo angelipenya. Matusi angeyabeba. Ule mshangao wa mtu asiye na ubaya hakujua aushike wapi.

"Ondoka," Dada akasema. Hakupaza sauti. "Mama Pacha atabaki. Wewe ondoka kwanza."

Jumatatu Kitasa alikwenda kwa msimamizi wa jiko, akamweleza vilevile, mbele ya wapishi sita waliokuwa wamempigia makofi. Mmoja alicheka kwa aibu yake, wengine wakajifanya wana shughuli na sufuria. Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Mama Pacha arudi leo. Na wewe, fundi, usilete tena chombo kwenye jiko hili bila mimi kujua." Kitasa alitoka kwa mlango wa nyuma, penye mapipa ya maganda.

Wale walioagiza visu aliwafuata mmoja mmoja na kuwaambia kwamba hajui bado kutengeneza kisu. Baadhi walitaka kujua kwa nini, akawaambia. Mtaani walimwita Kitasa Ufa kwa muda. Aliitika.

Jioni akawa anakwenda kwa mhunzi. Hakuna aliyemwita na mhunzi hakumfukuza. Alitengeneza kisu cha pili, kona ikiwa imezungushwa kama shingo ya mtungi, akakitia kwenye mafuta, akakifunga kwenye jiliwa, akakipinda kwa makusudi hadi kikavunjika, akatazama ndani: kijivu kitupu. Akatengeneza cha tatu akakivunja. Mkewe alimuuliza kama sasa amekuwa fundi wa kuvunja. Alimjibu kwamba hata huko kunahitaji kujifunza. Cha nne kilipinda, kikarudi chenyewe, kikakataa kuvunjika, na mhunzi aliyekuwa amerudiwa na mdomo wake akasema, "Haya, huyu sasa ni mtoto wa halali."

Ilikuwa mwezi wa tatu tangu Jumamosi ile, ndipo Dada alipotokea kibandani. Alikuja peke yake, akakataa stuli. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya meza, kati ya funguo. Kovu lilipita kiganjani kama njia ya siafu. Vidole vitatu vilikunjika alipovikunja. Cha shahada kilibaki kimenyooka, kinaelekeza ukutani.

"Jikoni wamenipa kazi ya kuonja na kusimamia," alisema. "Sitaki kuonja. Mimi ni mpishi. Visu vyao vyote vimetengenezwa kwa mtu mwenye vidole vitano vinavyotii." Akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Ule mkono uliouchora zamani haupo tena. Nitengenezee cha huu."

Kitasa alikwenda kwa muuza maandazi akaomba donge la unga uliokandwa. Dada alilikamata, akalibana, kama anayeshika mpini. Ilibidi Kitasa aushike mkono ule na kuuelekeza, aguse kidole kisichokunjika na kukiuliza kinapenda kulala wapi. Kidole kilitaka kulala juu, kwenye mgongo wa bapa. Basi mgongo wa bapa hili ungekuwa mnene na wa mviringo, uwe kama kitanda chake. Uzito ungesogea nyuma ili vidole vitatu vilivyobaki visibebe peke yao. Na vibao vya mpini vingeishia mbali na shingo, shingo ibaki wazi, kila mtu aione.

Kilipokamilika hakukipeleka kwa Dada. Alikipeleka kwa Mama Pacha, nyumbani kwake, pamoja na kopo la nyanya.

"Kijaribu," akasema. "Upendavyo."

Mama Pacha hakuhitaji kubembelezwa. Alilitoboa kopo, akabanjua, akazungusha, akaegemea kwa mwili wake wote, na mwili wenyewe haukuwa haba. Akapiga kisu bapa juu ya kizingiti. Akakichomeka kwenye mwanya wa mlango akakivuta kama anayempokonya mtu kitu. Jasho lilimtoka, na Kitasa aliona wazi kwamba si kisu tu kinachopigwa pale. Alisimama akingoja amalize. Ncha ilimeguka kidogo kama chembe ya mchele. Shingo haikutikisika.

"Ncha imekatika," Mama Pacha alisema akihema.

"Nitaichonga upya. Niipunguze ukali kidogo."

"Chonga, kisha ulete tena."

Alichonga, akaleta tena. Mara ya tatu Mama Pacha alikirudisha kikiwa kizima, akasema, "Kampe mwenyewe," na kabla hajafunga mlango akaongeza, "Mimi bado, kaka. Nisikudanganye. Nikikuona bado nakumbuka ile stuli."

"Una haki," Kitasa alisema.

Dada alikipokea Jumapili. Hakukuwa na chai wala watu, walikuwa wawili tu kwenye jiko lake dogo, na viazi kwenye sinia. Alikitazama kwenye mwanga wa dirisha, hasa shingoni, kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Akalaza kidole chake kisichokunjika juu ya mgongo wa bapa. Akakata kiazi kimoja polepole, cha pili, cha tatu kwa kasi kidogo. Hakusema kimekaaje.

"Kina uzito mzuri," alisema mwishowe. Akakata vingine. Baada ya hapo mkono ulichoka, akakiweka chini, akaukunjua na kuukunja. "Njoo, malizia wewe."

Kitasa alishika kisu. Hakuwahi kukata viazi maishani mwake, kwani siku zote kulikuwa na wa kumkatia. Vipande vilitoka vingine vinene kama kabari, vingine vyembamba vya kupita mwanga.

"Usivikandamize," Dada akamwambia. "Acha kisu kifanye kazi. Kunja vidole vya huo mkono mwingine. Kunja, nimesema, unataka tuwe wawili?"

Akavikunja. Alikata kingine, kikatoka afadhali.

"Bado nina hasira na wewe," Dada akasema, akisogeza sinia karibu naye.

"Najua, Dada."

"Haya. Ukimaliza hivyo, kuna vingine chini ya meza."